Mfuko Ulioanza kwa Dola Ishirini na Sita na Nusu



Mazungumzo haya yahusu mfuko wa hisani wa vilabu vya Rotary. Watu wengi katika Uganda na nchi jirani wameiona alama yake, lile gurudumu lenye meno, limechorwa ukutani kwenye kisima au limebandikwa mlangoni mwa wodi ya hospitali, lakini ni wachache wajuao mfuko huo ulitoka wapi, nani autunzaye, na kwa sababu gani haujafilisika baada ya kupita miaka zaidi ya mia. Yafaa mambo hayo yajulikane. Jumuiya za Kiislamu katika nchi hizi zimekusanya fedha tangu enzi za wazee, kwa michango ya maulidi, kwa sadaka za Ijumaa, kwa harambee za shule na misikiti, na mara nyingi fedha zimekwisha kabla ya kazi kwisha. Hapana awezaye kusema kwamba Waislamu hawatoi. Maskini mwenye kibanda cha kuuza vitumbua hutoa, na mwenye malori hutoa. Linalotakiwa kuulizwa ni lile linaloipata shilingi baada ya kutoka mkononi mwa mtoaji.

Kilabu cha kwanza cha Rotary kilianza tarehe 23 Februari 1905 katika mji wa Chicago, Marekani. Wakili mmoja, Paul Harris, alikutana jioni hiyo na watu watatu: Silvester Schiele muuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr mhandisi wa migodi, na Hiram Shorey fundi wa kushona nguo. Walikuwa wageni wa mji, wametoka vijijini, nao waliona upweke. Wakapatana kukutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu na kesho katika ofisi ya yule, na kutokana na zamu hizo ndipo walipolipata jina lao, maana kwa lugha yao neno hilo lahusu kitu kinachozunguka. Mwanzoni hawakuwa na nia kubwa zaidi ya urafiki na kufanyiana biashara. Kazi yao ya kwanza kwa ajili ya watu wote waliianza mwaka 1907, nayo ilikuwa ni kushughulikia ujenzi wa vyoo vya umma karibu na jumba la serikali ya mji. Wako watakaocheka. Lakini aliyepata kufika mji mkubwa asioujua, akahangaika kutafuta mahali pa kujisitiri na pa kujitohara, hatacheka. Jambo dogo ambalo kila mtu alihitaji na hakuna aliyelitaka liwe lake, hilo ndilo walilolishika.

Kabla ya kuendelea kuna neno lisilofaa kufichwa mbele ya jamaa wa Kiislamu. Katika miaka ya 1970 na ya 1980 wako wanavyuoni wa Makka na wa Misri waliotoa maonyo makali juu ya vilabu vya namna hii, kwa kuona kwamba vina uhusiano na chama cha siri cha Frimasoni. Wakatoliki nao walikuwa wamekwisha tangulia, kwani mwanzoni mwa mwaka 1951 ilitangazwa amri kutoka Roma ya kuwazuia mapadri kuwa wanachama wa Rotary. Wenye vilabu wamekanusha siku zote, wakisema kwamba mikutano yao haina siri na kwamba hawamuulizi mtu dini yake. Na ni kweli pia kwamba Waislamu wengi wa Misri, wa Uturuki, wa Pakistani na wa Afrika Mashariki wamekuwa wanachama na viongozi. Hotuba hii haimwiti mtu ajiunge, wala haimlaumu aliyejiunga. Hilo ni baina ya mtu na mwanachuoni anayemwamini. Kinachosemwa hapa ni habari ya mfuko na utunzaji wake, na mtu aweza kutazama jinsi jirani yake anavyolitunza ghala lake bila ya kuwa mtu wa nyumba hiyo.

Mfuko wenyewe ulibuniwa na Arch Klumph wa mji wa Cleveland. Huyu aliingia yadi ya mbao akiwa kijana wa kazi ndogo ndogo, akapanda hata akawa mwenye yadi. Na katika wakati wake wa mapumziko alipiga filimbi katika bendi kubwa ya mji. Mwaka 1917, akiwa rais wa Rotary, alisimama katika mkutano mkuu wa Atlanta akatoa shauri kwamba vilabu viwe na fedha za asili, zikae zisitumiwe, na faida yake ndiyo itumike kutenda mema duniani. Shauri lilipokewa kwa adabu, likaachwa. Mchango wa kwanza ulitoka kilabu cha Kansas City, nao ulikuwa dola 26 na senti 50. Miaka ikapita, mfuko ukawa kama mtoto asiyekua. Mwaka 1928, miaka kumi na mmoja baada ya shauri la Atlanta, fedha zilikuwa zimepita kidogo tu dola 5,000. Mwaka huohuo mfuko ukapewa jina lake rasmi na wadhamini watano, Bwana Klumph akiwa mwenyekiti wao wa kwanza.

Hapa Mwislamu aliyesoma ataona kwamba analijua jambo hili kwa jina jingine. Sayyidna Umar, radhi za Allah zimshukie, alipopata ardhi ya Khaybar alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kutaka shauri. Akaelekezwa njia ya kuizuia ardhi na kuyatoa mazao yake, ardhi isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi. Huo ndio wakfu. Klumph hakuwa na habari za Khaybar, lakini yadi ya mbao ilimfundisha kwamba mfanyabiashara anayekula mtaji hafunguI duka mwaka wa pili. Na katika Uganda yenyewe hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kilima cha Kibuli, ulipojengwa msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1951, na zilipojengwa shule na hospitali, kilitolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Yeye ametangulia mbele ya haki. Watoto wanasoma pale hata sasa.

Basi kwa sababu gani mfuko wa Klumph ulikaa miaka mingi bila ya kukua, kisha ukakua? Sababu moja ni kwamba watu hawatoi kwa jina la mfuko. Hutoa kwa jambo wanaloliona. Mwaka 1930 wadhamini walitoa msaada wao wa kwanza, dola 500, kwa chama kilichowahudumia watoto vilema. Kilikuwa chama cha mtu wa Ohio, Edgar Allen, ambaye alifiwa na mwanawe kwa ajali ya gari la reli la mjini mwaka 1907, akayatoa maisha yake kwa watoto wasioweza kutembea. Watu wakaanza kuelewa. Sababu ya pili ilikuja kwa mauti. Paul Harris alipofariki tarehe 27 Januari 1947 alikuwa amekwisha sema kwamba anayetaka kumkumbuka asilete maua, atie fedha katika mfuko. Katika muda wa miezi kumi na minane ziliingia dola milioni 1 na laki 3. Mwaka huohuo wanafunzi 18 wakapelekwa kusoma nchi za ng'ambo. Yafaa kuangalia hapa kwamba mfuko ulikuwa tayari umesimama, una wadhamini, una hesabu, siku ile michango ilipofika. Kama ungeanza kuundwa baada ya mazishi, zile fedha zingepotea katika mabishano ya nani azishike. Na jamaa wa Kiislamu wanaijua mifano ya namna hiyo bila ya kutajiwa.

Sasa njia ya fedha zenyewe. Mchango wa kawaida wa mwanachama hautumiwi siku ile unapoingia. Hukaa kiasi cha miaka mitatu ukizalishwa, na faida yake ndiyo husaidia gharama za uendeshaji. Baada ya miaka hiyo, karibu nusu ya fedha hurudi katika wilaya ya vilabu ilikotoka, wenyewe waamue kazi ya kufanya, na kiasi kama hicho huingia katika chungu cha dunia nzima. Kando yake zipo fedha za asili ambazo haziguswi kabisa. Kilabu kinachotaka kazi kubwa hutafuta kilabu cha nchi nyingine kishirikiane nacho, kila mmoja hutia fungu lake, na mfuko huongezea. Kazi hizo kubwa ni lazima ziwe na bajeti isiyopungua dola 30,000, na kila aliyepokea hutoa maelezo ya matumizi na hati za malipo. Asiyetoa maelezo hapati tena.

Mpango wa kuongezeana shilingi kwa shilingi haukuwa mgeni kwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Chama cha East African Muslim Welfare Society, kilichoanzishwa Mombasa mwaka 1945 kwa uongozi wa Aga Khan wa tatu, Sultan Muhammad Shah, kilifuata njia hiyohiyo: jamaa wa mahali wakusanye walichoweza, naye aongeze kiasi kama hicho. Misikiti na shule nyingi katika Uganda, Kenya na Tanganyika zilijengwa hivyo. Chama kile kilipigwa marufuku katika Tanzania mwaka 1968, na habari ya mali zake ni ndefu na chungu, wala si mahali pake hapa. Ila jambo moja lakumbukwa na wazee wengi, kwamba msikiti ambao kijiji kilitoa nusu yake, kijiji kiliupaka chokaa kila mwaka bila ya kuambiwa. Na jengo lililoshushwa tayari kutoka mjini lilingojea mtu wa mjini aje kuziba paa lake.

Lakini lipo jambo moja ambalo Mwislamu hawezi kulichukua kama lilivyo. Mfuko wa Rotary huzalisha fedha katika masoko ya dunia, na sehemu ya faida ni riba. Jumuiya ya Kiislamu haina ruhusa hiyo, na anayesema kwamba ni kwa ajili ya mayatima hajaihalalisha. Hata hivyo kizuizi hicho si udhuru wa kukaa bila ya mfuko. Nyumba za kupangisha, maduka, mashamba ya kahawa na ndizi, na hisa katika biashara halali ni mitaji iliyozuiliwa na Waislamu kwa karne nyingi, kutoka Istanbul hata Unguja, kabla ya Chicago kuwa mji. Tofauti ni kwamba duka la wakfu huhitaji mtu wa kufuata kodi kila mwezi na wa kubadili bati linapooza. Wakfu nyingi hazikufa kwa kukosa fedha. Zilikufa kwa sababu mpangaji alilipa kodi ya miaka ishirini iliyopita na hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa kuwa ni mjomba wa mwenyekiti.

Kazi ambayo mfuko wa Rotary umejulikana kwayo kuliko zote ni kupigana na polio, ugonjwa wa kupooza. Mwaka 1979 ulitoa dola 760,000 kuchanja watoto kiasi cha milioni 6 katika Ufilipino. Jambo lilipofaulu, mwaka 1985 wakatangaza kwamba watachangisha dola milioni 120 kwa ajili ya watoto wa dunia nzima. Hata kufikia mwaka 1988 walikuwa wamepata milioni 247, zaidi ya mara mbili ya walizoomba. Mwaka huo Shirika la Afya la Dunia lilikubali kuufuta ugonjwa huo kabisa, na wakati ule ulikuwa ukiwapooza watoto kiasi cha 350,000 kila mwaka katika nchi zipatazo 125. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa limeondokana na polio ya asili. Mwenye umri mkubwa katika hadhara hii anawakumbuka watoto waliotambaa kwa magoti sokoni, viatu wamevivaa mikononi. Kijana wa miaka ishirini hawakumbuki, kwa kuwa hakuwaona.

Fedha hizo zote, ambazo kwa upande wa Rotary pekee zimepita dola bilioni 2, zilikwama mara moja mahali ambapo hakuna aliyetazamia, na habari ile yawahusu Waislamu kuliko watu wengine.

Katika mwaka 2003, jimbo la Kano na baadhi ya majimbo mengine ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo. Ulienea uvumi kwamba matone yale yametiwa dawa ya kuwafanya wasichana wa Kiislamu wasizae. Mwenye kusoma gazeti la Ulaya siku zile angeliona jambo hilo ni ujinga wa watu wa dini. Haikuwa hivyo tu. Mwaka 1996, wakati wa maradhi ya uti wa mgongo, kampuni moja kubwa ya dawa ya Marekani ilikuwa imefanya majaribio ya dawa mpya yaliyowahusisha watoto 200 wa Kano, na 11 kati yao walikufa. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba wanawe wanafanyiwa majaribio, na kesi ikafika mahakamani. Mzazi wa Kano aliyeona gari jingine la wageni likija na dawa ya bure kwa mtoto asiyeumwa, huku zahanati ya mtaani haina dawa ya malaria kwa mtoto anayeumwa, alikuwa na haki ya kuuliza. Kosa lilikuwa kwamba walioulizwa walijibu kwa dharau, na wengine waliojua ukweli waliona faida ya kisiasa katika kuunyamazia.

La kustaajabisha ni kwamba katika mwaka huohuo wa 2003 rais wa Rotary ya dunia nzima, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho, alikuwa Jonathan Majiyagbe, wakili ambaye makazi na ofisi yake ni Kano. Mfuko ulikuwa na fedha, ulikuwa na dawa, ulikuwa na mkubwa wake aliyekuwa mkazi wa mji uleule, na bado milango ya nyumba ilifungwa. Kwa kuwa jambo lililotakiwa pale halikuwa mkononi mwa rais wala mwa benki. Lilikuwa mkononi mwa maimamu, masharifu, walimu wa madrasa, na mama mkwe wa kila nyumba.

Hatimaye njia ilipatikana kwa subira. Chanjo ilinunuliwa Indonesia, nchi ya Waislamu, wakapelekwa wataalamu kuikagua, na mwisho wa Julai 2004 Gavana wa Kano alimtoa binti yake mdogo akachanjwa mbele ya watu. Lakini kwa muda ule ugonjwa ulikuwa umekwisha safiri. Ulifika nchi zipatazo 20, ukavuka Sudani, ukaingia Yemeni, na mwaka 2005 ukafika Indonesia kulekule ilikotoka chanjo. Serikali ya Saudia ililazimika kuweka sharti la chanjo kwa mahujaji wa nchi zenye ugonjwa. Ni nani atakayehesabu watoto wa Kiislamu waliopooza kwa miezi ile kumi na mmoja? Baadaye mambo yalipata umwagaji wa damu pia. Mwezi wa Februari 2013 wanawake wachanjaji wasiopungua tisa waliuawa kwa risasi Kano, nao walikuwa wanawake wa mji huo, wakiingia nyumba ambazo mwanamume hawezi kuingia. Mwaka 2014 wanavyuoni wa Al-Azhar na wa baraza la fiqhi la Jedda walijiunga katika halmashauri ya kuwashauri Waislamu juu ya polio. Ilikuwa ni jambo jema, ingawa lilichelewa miaka kumi.

Wala asifikiri mtu kwamba hayo ni mambo ya Nigeria. Mwaka 2021 virusi vya polio vya namna ya pili vilionekana katika maji machafu ya Kampala, na mwezi wa Machi 2023 Burundi ilitangaza kwamba ugonjwa umeonekana kwa mtoto wa miaka minne ambaye hakupata kuchanjwa, baada ya miaka zaidi ya thelathini bila mgonjwa. Virusi vya aina hii hutokana na chanjo ya matone yenyewe, kwani mna virusi vilivyodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa hupita kutoka mtoto hadi mtoto hata vikarudishiwa nguvu. Ukweli huu wafaa kusemwa waziwazi msikitini, kwa kuwa ukifichwa utasemwa na mtu mwingine kwa namna nyingine. Na dawa yake ni kuwachanja watoto wote wa mtaa, maana nusu ya mtaa haitoshi.

Katika Uganda, kilabu cha kwanza cha Rotary kilianzishwa Kampala mwaka 1957, miaka ishirini na saba baada ya kile cha Nairobi. Vilipita katika misukosuko yote ya nchi, vikaongezeka. Mwanachama wa kilabu cha Kampala, marehemu Sam Owori, alichaguliwa kuwa rais wa Rotary ya dunia kuanzia Julai 2018, akafariki Julai 2017 kabla ya kushika kazi. Tangu mwaka 2012 vilabu hivyo vimeandaa mbio za kila mwaka za kuchangisha fedha za matibabu ya saratani katika hospitali ya Nsambya. Mtu hununua fulana, hukimbia au hutembea, na bei ya fulana ndiyo mchango. Wafanyakazi wa ofisi, polisi, wanafunzi, na kina mama waliovaa hijabu wamekimbia pamoja. Nsambya ni hospitali ya Wakatoliki, na mgonjwa wa Kiislamu anayelazwa pale haambiwi aende Kibuli. Inafaa Waislamu wajiulize kwa upole kama mbio kama hizo zingefanyika kwa ajili ya Kibuli, zingeandaliwa na nani, na hesabu ingesomwa wapi.

Kwa jumuiya itakayotaka kuomba ushirikiano na vilabu hivyo katika kazi ya mahali pake, yapo mambo ya kujua mapema ili isirudi mikono mitupu na kudhani imebaguliwa. Mfuko hautoi fedha taslimu kwa mtu mmoja mmoja, wala haumsaidii mtu yuleyule au shirika lilelile bila ya kikomo. Hautoi kwa kazi za ibada, ziwe za dini yoyote: kwa hiyo msikiti, kanisa na madrasa ya Kurani havimo, bali kisima cha shule, vyoo vya wasichana, vifaa vya zahanati, mafunzo ya wakunga, na elimu ya kusoma na kuandika huweza kuingia, hata kama shule hiyo ni ya Waislamu, maadamu mlango wake uko wazi kwa jirani. Kazi ya kuokoa mazingira iliongezwa mwaka 2021. Kwa kazi kubwa hutakiwa kwanza uchunguzi wa haja za watu wenyewe, na uchunguzi huo hauandikwi na katibu peke yake usiku mezani. Ni lazima watu wa mahali waulizwe, wanawake kwa vijana, ni kitu gani kinachowaumiza zaidi. Mara nyingi jibu la wanawake huwa si lile la wazee. Wazee husema ukumbi, na wanawake husema maji.

Mwaka wa vilabu huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na viongozi wote hubadilika siku hiyo, rais wa kilabu hakai zaidi ya mwaka isipokuwa kwa dharura. Anayeanza mazungumzo mwezi wa Mei huzungumza na mtu aliye karibu kuondoka. Ni afadhali kwenda Agosti, na kuchukua daftari la hesabu za jumuiya za miaka mitatu iliyopita, kwa sababu ndilo litakaloulizwa kwanza. Jumuiya ambayo haina daftari hilo ina kazi ya kufanya kabla ya Agosti.